Waliobaki Kiwandani Nao Wanaumwa

Kiwanda kinapopunguza watu, macho yote huwafuata wanaotoka getini. Ni haki yao. Kibarua kikishaota nyasi, kodi ya chumba Igogo au Mabatini jijini Mwanza haisubiri, wala ada ya shule. Waliobaki huambiwa wamshukuru Mungu, nao wanamshukuru. Baada ya miezi michache wanaanza kufika kliniki mmojammoja: kiwiko, kiuno, kukosa usingizi, presha. Kazi hawaitaji kabisa. Nani alalamikie kazi ambayo mwenzake ameilia machozi?

Mwanza imeyaona haya kwa muda mrefu. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipunguza watu kabla ya kubinafsishwa. Viwanda vya minofu ya sangara, vilivyokuja kuwa tegemeo la mji, vilitikisika mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, vikatikisika tena mwaka 2020 korona ilipositisha safari za ndege. Hata bila misukosuko hiyo, sangara wamepungua ziwani na viwanda vinachakata chini ya uwezo wake. Kila mara hesabu ya kwanza kufanywa ni ya watu.

Utafiti mkubwa ninaoufahamu kuhusu wanaobaki ulifanyika Finland, nchi iliyoingia katika mdororo mkali wa uchumi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jussi Vahtera, Mika Kivimäki na wenzao waliwafuatilia watumishi 22,430 wa halmashauri za miji 10, wote wakiwa watu waliobakia na ajira zao. Katika kada zilizopoteza zaidi ya asilimia 18 ya watu, vifo vya moyo na mishipa ya damu miongoni mwa waliobaki vilikuwa mara mbili ya vile vya mahali ambapo hakuna aliyepunguzwa. Katika nusu ya kwanza ya ufuatiliaji, yaani takriban miaka minne ya mwanzo, vilifika mara tano. Vifo vyenyewe havikuwa vingi, hivyo hiyo mara tano tuichukue kama makadirio. Lakini wakati wa hatari umejulikana: ni miaka ile ya mwanzo, kila mtu anapodhani dhoruba imepita.

Mwili unaugulia wapi? Tazama meza ya kukata minofu. Mkataji husimama zamu nzima kwenye sakafu yenye maji, buti za mpira miguuni, samaki wakimjia moja kwa moja kutoka kwenye barafu. Mkono mmoja unashikilia kichwa cha sangara, wa pili unapitisha kisu kando ya uti wa mgongo, mwendo uleule kutwa nzima. Vidole vikipoa, hisia hupungua, na mtu huubana mpini kuliko inavyohitajika. Kano zinachoka kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Meza ikiwa na watu sita, mmoja anaweza kutoka kidogo akanoe kisu, anyooshe mgongo, anywe maji. Wakibaki wanne, gari lililotoka mwaloni halijapunguza hata kreti moja. Kisu kinakuwa butu, na badala ya kwenda kukinoa mtu anazidi kukikandamiza.

Juu ya uchovu huo kuna hofu ya orodha ya pili ya watakaopunguzwa. Anayeishi akiisubiri hutiririkwa na adrenalini na kotisoli majuma kwa majuma, homoni ambazo mwili umeziandaa kwa dharura ya muda mfupi. Mishipa inabana, presha inapanda, usingizi unakatika saa tisa usiku, damu inakuwa rahisi kuganda. Watafiti walewale waliona pia kwamba waliobaki walivuta sigara zaidi na kupata msaada mdogo kutoka kwa wenzi wao nyumbani. Hata hivyo, walipopima nini hasa kinaongeza siku za kuumwa, karibu nusu ya ongezeko hilo ilielezwa na mabadiliko ya kazi yenyewe: mzigo wa mwili, kukosa kauli juu ya namna ya kufanya kazi, na wasiwasi wa ajira. Semina ya kuwafundisha watu kupumua vizuri haiwezi kuponya upungufu wa watu wawili mezani.

Sababu ya watu kuondoka nayo haiwapunguzii waliobaki chochote. Aprili 2017 Serikali iliwaondoa kazini watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakiwemo wa sekta ya afya. Uamuzi ulikuwa na hoja zake. Muuguzi mwenye cheti halali ndiye aliyeachiwa zamu mbili, na wagonjwa walikuwa walewale.

Kuna jambo moja katika takwimu za Finland linalonisumbua kila ninapofikiria viwanda vyetu. Siku za ugonjwa ziliongezeka kwa wafanyakazi wa kudumu tu; kwa wa muda hazikuongezeka. Siamini kwamba wa muda walikuwa na miili ya chuma. Ninavyoona mimi, waliogopa kuomba ruhusa. Sheria yetu inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa kibarua anayeitwa getini kila asubuhi, siku hizo ni za kwenye karatasi. Akipewa ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, anaikunja mfukoni na kuingia zamu. Kwa hiyo meneja anayenionyesha daftari lisilo na wagonjwa baada ya kupunguza watu hanipi faraja hata kidogo.

Kibarua huyo anajitibu duka la dawa, kwa diklofenaki ya vidonge, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi. Maumivu yanatulia. Lakini dawa hiyo ikitumika mfululizo hupandisha presha, huchubua tumbo na kuumiza figo, na presha yenyewe ilishapandishwa na hofu.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mapema na ashauriane na chama cha wafanyakazi. Mara nyingi kikao hicho huishia kwenye kiinua mgongo cha wanaoondoka. Hapohapo chama kiulize pia: meza ya watu wanne itapokea kilo ngapi? Visu vitanolewa na nani, saa ngapi? Presha za wote, wa kudumu na vibarua, zipimwe kabla ya watu kuondoka, kisha kila baada ya miezi mitatu kwa miaka hiyo ya mwanzo. Na mganga wa zahanati anayempokea mtu wa kiwandani mwenye kiwiko kilichovimba au presha mpya amuulize, kabla ya kuandika dawa: mwaka jana mezani kwenu mlikuwa wangapi, na sasa mko wangapi?