Wamama nasi tusome

Wamama wapendwa, kila mwaka tunanunulia watoto vitabu, lakini sisi wenyewe tunabaki bila hata kimoja. Viko viwili vinavyosema habari zetu.

« La force des femmes » cha daktari Denis Mukwege kilitoka 2021. Anaeleza namna wanawake aliowatunza Panzi, kule Bukavu, walivyosimama tena baada ya kutendewa ubaya katika vita.

« Cobalt Red » cha Siddharth Kara, cha 2023, ni cha Kiingereza. Kinaonyesha wamama na watoto wanaochimba na kuosha kobalti upande wa Kolwezi, ile inayoingia katika betri za simu.

Bei ni kali kwa mama mmoja. Basi likelemba inunue kwanza cha Mukwege. Mwenye kujua Kifaransa asome, atueleze kwa Kiswahili. Habari zetu zisijulikane ng'ambo tu.