Wingi wa Lugha Haumdhuru Mtoto

Imeenea miongoni mwa wazazi imani kwamba mtoto hawezi kuelimika mpaka aitupe lugha ya nyumbani na kukumbatia Kiingereza tangu shule ya awali. Hatuna budi kuipima imani hii kwa ushahidi, wala si kwa fahari.

Zamani wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walidai kuwa lugha mbili huvuruga akili ya mtoto. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada. Waliozimudu barabara lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, waliwashinda wenzao wa lugha moja. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa faida hiyo, lakini dai la madhara limeporomoka.

Huko Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970, wanafunzi walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote 6 ya shule ya msingi, na Kiingereza kikawa somo tu. Hata katika Kiingereza hicho hawakuachwa nyuma.

Sisi tuliopitia chuoni twalijua jambo hili. Herufi na matamko vilikuwa vya Kiarabu. Maana tulifafanuliwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo tulipofahamu.

Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 Tume ya Rais chini ya Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza kitumike pia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake twayaona: kijana aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali Darasa la Saba huwa bubu Kidato cha Kwanza. Hunakili ubaoni, hukariri, hujibu asichokielewa. Kisha huitwa mjinga. Kilichopungua ni lugha, si akili.

Hatusemi Kiingereza kipigwe marufuku. Kifundishwe kwa bidii, na walimu wanaokimudu, kama somo. Lugha za makabila yetu nazo zisidhihakiwe, maana ndani yake mna majina ya mimea, hesabu za majira na hekima za wazee. Lakini elimu yenyewe ipitie katika lugha ambayo mtoto huwazia. Mwacha asili ni mtumwa. Na taifa linalowanyamazisha watoto wake darasani litapata wapi wavumbuzi kesho?