Varisi za miguu: ukiwa Masisi au Walikale, pesa yako ianzie wapi?

Jioni, soko la Mubi kule Walikale au la Nyabiondo kule Masisi likiisha, mama huketi juu ya kidumu na kuinua kitenge kidogo. Nyuma ya goti kuna kamba za mishipa zilizojikunja. Kifundo kimevimba, mguu ni mzito kama umefungiwa jiwe, ngozi inawasha. Wengi huku wanaziita varisi. Wengine husema ni uchovu tu, na kesho yake husimama tena kwa saa kumi.

Ndani ya vena za mguu mna vilango vidogo vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea, damu hutuama na mshipa hutanuka. Mtu akisimama bila kusogea, shinikizo ndani ya vena za kifundo hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akitembea, misuli ya shavu la mguu huisukuma damu juu, na kwa mtu mzima wa afya shinikizo hilo hushuka hadi kama 30. Ndiyo sababu kusimama palepale mezani pa biashara kunaumiza mishipa kuliko kutembea. Mimba nazo huchangia sana, na uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta mwanamke wa Kongo alikuwa akizaa wastani wa watoto 6.6.

Wenye mimba niwaambie mapema: msilipie tiba yoyote ya kuondoa mishipa sasa. Baada ya kujifungua, nyingi hupungua zenyewe katika miezi michache. Mguu uinuliwe, ufungwe vizuri, basi.

Vile vimishipa vyembamba vyekundu au vya zambarau, vilivyotandaa kama utando wa buibui, navyo visile pesa yako. Havigeuki kidonda. Kuvichoma sindano ni jambo la urembo, huchukua vikao kadhaa, na vingine huota tena. Mwenye watoto wa kulipia minerval ya shule aviache vilivyo.

Gharama ya kweli huanza na varisi kubwa zenye maumivu, uvimbe wa kila siku, ngozi iliyogeuka nyeusi juu ya kifundo, au kidonda. Na hapa kwetu gharama kubwa kuliko zote ni barabara. Masisi-Centre iko kilomita 80 hivi kutoka Goma, lakini mvua, matope na vizuizi huifanya safari iwe ya siku. Walikale ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sehemu kubwa msitu. Kuna wakati ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo kwa sababu ya madini ya kasiteriti, huku mgonjwa akibebwa kwa machela ya tipoyi. Januari 2025 waasi wa M23 walipoichukua Goma, uwanja wa ndege na benki zikafungwa. Machi mwaka huohuo vita vikafika Walikale-Centre. Kwa hiyo kila tiba ninayoitaja hapa naipima kwanza kwa swali moja: inadai safari ngapi?

Kufunga mguu hakudai safari hata moja. Bandi ya Velpeau hupatikana kwenye farmasi nyingi na bei yake ni ndogo, ila hulegea baada ya saa chache, kwa hiyo ifungwe upya mchana. Bandi ngumu isiyovutika sana ina nguvu zaidi kwa mtu anayetembea, na hufuliwa ikatumika tena. Fungeni asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, mkazo ukiwa mkubwa kifundoni na ukipungua kuelekea juu. Ikikaza zaidi juu kuliko chini, inadhuru. Kabla ya yote, muuguzi aguse juu ya wayo atafute mapigo ya damu. Asipoyapata, au wayo ukiwa wa baridi na wenye maumivu, au mtu ana kisukari, asifunge kwa nguvu hadi daktari aone. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hiyo huenda ni damu iliyoganda ndani: kimbilia hospitali.

Soksi za kubana ni nzuri kuliko bandi kwa mtu asiye na kidonda, maana hahitaji fundi wa kumfunga. Zenye nguvu ya kati ni za milimita 20 hadi 30 za zebaki. Bei yake ni kubwa zaidi, na inafaa kuwa na jozi mbili za kubadilishana na kuzinunua upya baada ya miezi 6 hivi, kwa kuwa mpira wake huchoka. Za mitumba sizipendekezi kwa sababu hiyohiyo. Pima mzunguko wa kifundo na wa shavu la mguu asubuhi, ndipo umtume mtu Goma na vipimo mkononi. Usimtume na neno "saizi kubwa". Kwenye baridi ya vilima vya Masisi soksi huvumilika. Kwenye joto la Walikale wengi watazivua saa sita mchana, na soksi iliyowekwa sandukuni ni hasara. Huko naona bandi ina faida.

Sasa tiba za kuuondoa mshipa wenyewe. Mwaka 2013 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilipanga hivi: kwanza kuuchoma mshipa kwa joto, kwa leza au mawimbi ya redio, isipofaa, sindano ya povu, mwisho upasuaji wa kung'oa. Mpango huo umetoka nchi ambayo mgonjwa hurudi kliniki kwa basi. Leza hutaka mashine ya bei ghali, umeme wa uhakika na daktari aliyeizoea. Povu lenyewe ni rahisi, dawa kama polidokanoli huchanganywa na hewa kwa mabomba mawili ya sindano, lakini mshipa mkubwa lazima uchomwe kwa kuongozwa na ekografia, na mara nyingi mgonjwa hurudi kuongezewa. Asiye na ekografia asiguse mguu wako kwa sindano hiyo.

Utafiti wa Uingereza uliofuatilia wagonjwa 798 ulitoa matokeo ya miaka 5 mwaka 2019: waliopata leza au upasuaji walikuwa na hali nzuri kuliko waliopata povu. Kwa mtu wa Nyabiondo hilo lina uzito mara mbili. Upasuaji wa zamani, unaowekwa mwisho Ulaya, huomba safari moja, ganzi ya mgongo, siku chache za kitanda na wiki kadhaa bila kubeba mzigo. Kama safari itafanywa, nachagua huo kuliko povu la vikao vitatu.

Goma kuna madaktari wa upasuaji katika hospitali za HEAL Africa na CBCA Ndosho, na katika Hospitali ya Mkoa. Piga simu kabla ya kuondoka. Uliza kama wanafanya kazi hii, na kama bei inajumuisha ekografia ya Dopla, ganzi, kitanda, dawa, bandi, na mguu mmoja au yote miwili. Ongeza chakula cha anayekulinda. Bei iandikwe, kwa sababu katika hospitali nyingi za nchi yetu aliyeshindwa kulipa huzuiliwa asitoke.

Chale na kuumika juu ya varisi nazikataa kabisa. Mshipa huo una ukuta mwembamba na damu yake humwagika kwa wingi. Ukipasuka, mtu alale chini, mguu uinuliwe juu, pabanwe kwa kitambaa safi hadi damu ikome.

Kidonda juu ya kifundo ndicho kinachokula pesa nyingi kimya kimya. Watu hununua kila wiki unga wa penisilini na kuumwagia juu, mwaka mzima, ilhali kidonda kisicho na maambukizi hakiponi kwa antibiotiki. Kinachokiponya ni kubanwa. Mwaka 2018, utafiti wa EVRA kwa wagonjwa 450 wenye vidonda, wote wakiwa wamebanwa miguu, ulionyesha kwamba waliotibiwa mshipa mapema, nusu yao walipona ndani ya siku 56. Walioahirishiwa, ndani ya siku 82. Hata hizo 82 ni chini ya miezi mitatu. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walianza kazi Masisi mwaka 2007, na matibabu katika hospitali kuu waliyoisaidia yamekuwa bure; ulizeni kama bado ni hivyo. Anzeni huko, au kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Mama mwenye kidonda, wiki hii usinunue unga tena. Nunua bandi mbili, uende nazo kwa muuguzi asubuhi, na umwombe aguse mapigo ya wayo kwanza, kisha akufundishe kujifunga mwenyewe.