Geoffrey Leech: Mwanaisimu wa Maana na Matumizi

Geoffrey Leech (1936–2014) ni miongoni mwa wanaisimu wachache wanaotajwa katika madarasa ya semantiki, pragmatiki, elimumitindo na sarufi, kila darasa likimhesabu kuwa mtu wake. Alizaliwa Gloucester, Uingereza, akasoma University College London na kuanza kufundisha hapohapo mwaka 1962. Utafiti wake wa umahiri ulihusu lugha ya matangazo ya biashara ya televisheni, mada ambayo wasomi wengi wa zama zile wangeiona nyepesi mno. Kutokana nao kilizaliwa kitabu English in Advertising (1966).

Mwaka 1964 alikwenda MIT, Marekani, ambako mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa akifundisha. Wafuasi wa Chomsky walipima usahihi wa sentensi kwa hisi ya mzawa wa lugha: msomi anajiuliza kama sentensi inakubalika, kisha anaamua. Leech alijifunza mengi kwao, ila njia hiyo haikumtosheleza. Alipata uzamivu mwaka 1968, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Lancaster, kilichokuwa bado kichanga. Huko akawa profesa mwaka 1974.

Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake Semantics, kinachoigawa maana katika aina saba. Msingi wa mgawanyo huo unaeleweka kwa urahisi katika Kiswahili. Kufa, kufariki dunia na kukata kamba hutaja tukio lilelile, lakini anayetangaza msiba msikitini au kanisani hawezi kuchagua lolote kati ya hayo apendavyo. Maana ya kidhana ni moja. Maana ya kijamii na ya kihisia zinatofautiana. Aina nyingine katika orodha yake zinaingiliana, na mipaka yake si thabiti kama inavyoonekana katika daftari za wanafunzi. Faida ya orodha hiyo ni kwamba ilimlazimisha mtaalamu wa maana kumtazama msemaji pia, asiishie kwenye neno.

Hatua ya kumtazama msemaji ilikamilika katika Principles of Pragmatics (1983). Mwanafalsafa H. P. Grice alikuwa amekwisha kueleza kwamba mazungumzo husimama juu ya ushirikiano: watu hutarajiwa kusema kweli, kwa kiasi kinachotosha, bila kutoka nje ya mada, na kwa uwazi. Leech akauliza kwa nini basi watu huzikiuka kaida hizo kila siku bila kulaumiwa. Mwenyeji aliyeandaa sinia la pilau na kuku huwaambia wageni, “Karibuni, chakula chenyewe kidogo tu.” Si kweli, na hakuna anayemwita mwongo. Kwa Leech, jibu ni adabu: msemaji hupunguza cha kwake na kukuza cha mwenzake. Akapendekeza kaida sita, zikiwamo za ukarimu, unyenyekevu na kukubaliana. Penelope Brown na Stephen Levinson walimkosoa kwamba kwa mtindo huo kaida mpya inaweza kubuniwa kwa kila tabia inayoonekana. Hoja hiyo ilikuwa nzito.

Kwa upande mwingine wa kazi yake alikuwa akikusanya matini. Kuanzia mwaka 1970 kikundi chake kilijenga kopasi, yaani mkusanyo wa matini halisi za kuchunguza lugha, ya Kiingereza cha Uingereza yenye takriban maneno milioni moja, kutoka matini 500 zilizochapishwa mwaka 1961, ili ilingane na kopasi ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Brown. Haki za wachapishaji zilikwamisha kazi, ikamaliziwa Oslo na Bergen, Norway, na kukamilika mwaka 1978. Ndiyo maana inaitwa Lancaster-Oslo/Bergen. Katika miaka ya 1990 Lancaster ilishiriki kujenga British National Corpus, yenye maneno milioni 100.

Watu wengine huiona kazi hii ya kompyuta kama njia ya pembeni. Ukweli ni kwamba ilimrudisha kwenye swali lake la awali la maana. Mwaka 1971 alikuwa ameandika kuhusu maana ya vitenzi vya Kiingereza, vikiwamo visaidizi kama must na may. Miaka thelathini hivi baadaye alilinganisha kopasi ya 1961 na nyingine ya 1991 iliyotengenezwa Freiburg, Ujerumani, kwa vipimo vilevile. Matumizi ya must, may na shall yalikuwa yameshuka sana. Sababu moja aliyoitaja ni ya kijamii: wasemaji wa sasa huepuka kuonekana wakiamuru. Hisi ya mzawa mmoja, hata awe mtaalamu kiasi gani, isingeweza kuliona badiliko hilo.

Lawama dhidi ya kaida zake hakuzipuuza. Mwaka 2005 alijibu hoja kwamba adabu ya Mashariki na ya Magharibi haziwezi kuelezwa kwa nadharia moja, akisema tofauti ni za kiwango tu. Kitabu chake cha mwisho, The Pragmatics of Politeness, kilitoka mwaka 2014, mwaka aliofariki. Humo kaida zimekuwa kumi, zote zikiwa chini ya mkakati mmoja wa jumla, na mifano mingi ya maombi na radhi imetoka katika kopasi.