Wanaume 14, wanawake 7: nani anadanganya?

Wengi kati yetu tunaitwaga kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza maswali ya afya na ndoa. Leo tuongelee swali lenye linapatisha haya hata mwenye kuliuliza: "Katika maisha yako, umelala na watu wangapi?"

Uingereza kuna utafiti mkubwa unaitwa Natsal. Ule wa 2010 mpaka 2012 uliuliza watu zaidi ya 15,000. Wanaume walisema, kwa wastani, wamelala na wanawake 14. Wanawake wakasema wanaume 7. Ngojeni kwanza. Mwanaume na mwanamke wakilala pamoja, kila mmoja anamuhesabu mwenzake moja. Kama wanaume na wanawake ni karibu sawa kwa wingi, wastani zao zinapaswa kulingana. Moja haiwezi kuwa mara mbili ya ingine.

Jibu la haraka ni kwamba wanaume wanajisifu na wanawake wanaficha. Ni kweli, lakini si yote. Watafiti waliona kwamba watu wachache wanatajaga hesabu kubwa sana, na wanapandisha wastani. Tena wanaume wengi wanakadiria, "labda makumi mawili", kuliko kuhesabu mmoja mmoja. Waliporekebisha hayo, pamoja na mawazo ya kila mtu juu ya mapenzi, tofauti ya 7 ilishuka chini ya 3.

Kwangu mimi, kinachopotea kwanza ni kile kilitokea bila mpango: usiku wa karamu, safari, pombe. Jina halikumbukwi, na mtu anajiambia "ile haihesabiki". Na njo pale mara nyingi kondomu haikukuwa. Tukikosa jibu hilo, tunapanga kazi ya VVU kwa hesabu ya watu wenye adabu tu.

Mwaka 1965 Stanley Warner alileta wazo la kuingiza bahati katika jibu. Namna moja rahisi ya kulitumia ni kurusha sarafu kwa siri: ikianguka kichwa, sema "ndiyo" tu, ikianguka upande mwingine, sema ukweli. Muulizaji hajui "ndiyo" yako ni ya sarafu ao ni yako. Kwa watu 200, karibu 100 watasema "ndiyo" juu ya sarafu. Mukipata "ndiyo" 130, basi 30 kati ya 100 waliobaki ni za kweli.

Sisi hatuna sarafu, franka yetu ni noti. Hakuna matata: mtu atazame tarakimu ya mwisho ya namba ya noti yake mwenyewe, kama inagawanyika kwa mbili ao hapana, na asituonyeshe. Kitu kimoja tu: bwana ao mama mkwe akiingia, funga daftari, ongelea bei ya mahindi. Utarudia siku ingine.