Wenzi Wapya wa Briji Wanunue Konvensheni Zipi Kwanza?

Mnada wa briji una madau 35 tu, kuanzia 1 pau hadi 7 bila turufu. Ukiongeza pasi, dabo na dabo ya kujibu dabo, wenzi wanaokaa mkabala wana kauli 38 za kuelezana mikono ambayo idadi yake inazidi bilioni 635. Kwa hiyo kila wawili wanapolipa dau fulani maana ya kubuni, maana yake ya kawaida inapotea, na siku mkono wa kawaida ukija hawana pa kuusemea. Mapatano ya namna hiyo ndiyo konvensheni, na hiyo ndiyo bei yake ya kwanza. Bei ya pili ni kumbukumbu: konvensheni huja na majibu yake, na majibu ya majibu, na la kufanya mpinzani akiingilia kati. Ya tatu ni wajibu wa kuwaeleza wapinzani kila kitu mlichokubaliana. Fedha ni ya mwisho, nayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Ninaamini wenzi wapya hununua vingi mno, na hununua vya fahari kabla ya vya lazima. Kipimo changu ni hiki: dau hili litapata kazi mara ngapi katika jioni moja ya mchezo, na linaondoa nini? Nachukulia kwamba nyote wawili mnajua kuhesabu pointi (ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1) na mnajua kwamba shupaza na kopa ni aina kubwa, pau na uru ni aina ndogo.

Uamuzi mzito kuliko yote ni huu: 1 bila turufu ianze na pointi ngapi? Acol, mfumo uliozaliwa London miaka ya 1930 na kupewa jina la barabara iliyokuwa na klabu ya karata, kwa kawaida hutumia 12 hadi 14. Standard American, mfumo wa kawaida wa Marekani, hutumia 15 hadi 17. Pointi tatu zinaonekana si kitu, lakini tazama hesabu. Mikono iliyosawazika, yaani isiyo na aina tupu wala aina ya karata moja, na isiyo na zaidi ya aina moja ya karata mbili, ni karibu 48 katika kila 100. Pointi 12 hadi 14 huja katika mikono 20 na zaidi kidogo kwa 100. Pointi 15 hadi 17 huja katika 10 tu. Ukizidisha, mkono wa 1 bila turufu ya Acol unakujia mara moja katika kila mikono 10, na ule wa Marekani mara moja katika kila 20. Katika jioni ya mikono 24, wa kwanza utaushika mara mbili au zaidi, wa pili kama mara moja.

Anayechagua 12 hadi 14 ananunua mara nyingi na ananunua usumbufu kwa wapinzani. Hawawezi tena kutaja 1 kopa au 1 shupaza kwa bei rahisi. Lazima waanzie ngazi ya pili, na mara nyingi wananyamaza mkono ukiwa wao. Gharama inakuja mkiwa hatarini, mwenzako ana pointi 4 au 5, na mpinzani anapiga dabo. Kukosa mizunguko miwili kwa dabo mkiwa hatarini ni pointi 500. Hata bila dabo ni 200, wakati wapinzani wangecheza 2 shupaza zao na kupata 110 tu. Ndiyo maana anayenunua 1 bila turufu dhaifu hulazimika kununua pia njia ya kukimbia baada ya dabo, na hicho ni kitu kingine cha kukariri. Tena, mwenzako akiwa na pointi 8 na kopa nne atapasi, na mtacheza bila turufu hata kama wewe pia una kopa nne na aina hiyo ingewafaa zaidi.

Anayechagua 15 hadi 17 analala salama zaidi. Gharama yake imejificha katika mikono ile ya 12 hadi 14, ambayo sasa lazima ifunguliwe kwa 1 pau au 1 uru, wakati mwingine ikiwa na karata tatu tu za aina hiyo. Mpinzani anaingia kwa 1 shupaza bila kutozwa chochote, na mwenzako hajui kama pau zako ni tatu au sita.

Hapo limefungamana swali la aina kubwa. Acol ya jadi inafungua kopa au shupaza ikiwa nne. Standard American inadai tano. Ukidai tano, mwenzako mwenye tatu anaunga mkono papo hapo bila wasiwasi, na hilo hutokea kila jioni. Ukiruhusu nne, unataja aina yako mapema na huhitaji kudanganya kwa pau tatu. Acol inastahili sifa kwa hilo: karibu kila dau lake linasema kilichomo mkononi, kwa hiyo mwenye kazi nyingi na muda mchache analipa kumbukumbu kidogo sana.

Ningeshauri wenzi wanaoanza leo wachukue aina kubwa za karata tano na 1 bila turufu ya 15 hadi 17, isipokuwa kama watu wa klabu yao wanacheza Acol. Kigezo hicho kina uzito huku kwetu, kwa kuwa Acol ilienea katika nchi nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza. Mfumo ambao mwenyeji wa meza yako anaweza kukusahihishia bure una thamani kuliko mfumo bora usio na wa kuuliza.

Wengine watawaambia mruke moja kwa moja hadi “mbili juu ya moja”, ambapo jibu la 2 pau juu ya 1 shupaza linawafunga wote wawili kufika gemu. Bidhaa nzuri kweli: mkishajua kwamba hakuna atakayepasi kabla ya gemu, mnapata nafasi ya kuelezana taratibu. Lakini mikono yote yenye pointi 10 au 11, isiyotosha kuapia gemu, inasukumwa ndani ya jibu la 1 bila turufu, ambalo sasa linabeba kuanzia 6 hadi karibu 12, na kwa wengi linamlazimisha mfunguaji kusema tena. Mkataba mzuri wa 1 bila turufu, unaopatikana mara nyingi na kuingiza pointi kimyakimya, mmeuuza. Ningesubiri hadi mfumo wa msingi utoke bila kufikiri.

Mfumo wa Precision ni duka jingine kabisa. Aliyeubuni, C. C. Wei, alikuwa mtu wa biashara ya meli, na mwaka 1969 timu ya Taiwan iliutumia kufika fainali ya Bermuda Bowl huko Rio de Janeiro, ikafungwa na Italia. Kufika huko kulishangaza, na kulikuwa na sababu. Mikono yote ya pointi 16 na kuendelea hufunguliwa 1 pau, bila kujali pau zenyewe. Mikono mingine ina kikomo cha 15. Mwenzako anajua dari yako tangu neno la kwanza, na mara nyingi anaweza kuamua peke yake. Mikono ya 16 na zaidi ni karibu 10 katika kila 100, hivyo mashine hii haikai bure. Gharama iko kwenye 1 uru, ambayo inakuwa kapu la kila kilichokosa mahali, pengine ikiwa na uru mbili tu, na iko kwenye wapinzani wajuzi, ambao wakisikia 1 pau hurukia 2 au 3 ya aina yao ndefu wakiwa na mkono mtupu ili wawanyime nafasi. Kwa wawili wanaokutana kila wiki na kukaa pamoja miaka, Precision inalipa. Kwa anayebadilisha mwenzi kila Jumamosi, hailipi.

Sasa konvensheni zenyewe. Stayman, iliyobuniwa na George Rapée na kuandikwa na mwenzake Samuel Stayman katika jarida la The Bridge World mwaka 1945, hutumia 2 pau juu ya 1 bila turufu kuuliza: una aina kubwa ya karata nne? Inaondoa uwezo wa kumalizia katika 2 pau, mahali ambapo wapinzani hawangewaacha mkae hata hivyo. Ni rahisi kupita kiasi; nunueni leo.

Madau ya kuhamisha ni ghali kidogo lakini yana faida zaidi. 2 uru inamwamuru mfunguaji aseme 2 kopa, na 2 kopa inamwamuru aseme 2 shupaza. Mkono wenye nguvu unabaki umefichwa na ndio unaochezesha, karata ya kwanza ya mpinzani inaujia badala ya kuupitia, na mjibu anapata zamu ya pili bure: apasi akiwa na pointi 3, aalike akiwa na 8, aendelee hadi gemu akiwa na 10. Mnapoteza 2 uru ya kawaida, na mpinzani anapata nafasi ya kupiga dabo 2 kopa kumwambia mwenzake aanze na kopa. Gharama inayoumiza ni kusahau. Mfunguaji akipasi kwenye 2 kopa akidhani ni kopa za kweli, mnaweza kucheza na turufu nne kati yenu wawili, na wapinzani wakawa na tisa.

Dabo hasi ndiyo ninayoitetea zaidi, kwa sababu wanaoanza huiacha. Alvin Roth na Tobias Stone waliitangaza mwaka 1957, ikapewa jina la Sputnik kwa kuwa ndio mwaka chombo cha angani cha jina hilo kiliporushwa. Mwenzako amefungua 1 uru, mpinzani kasema 1 shupaza, nawe una kopa nne na pointi 8: dabo inasema hivyo hasa. Hali hiyo itakukuta jioni baada ya jioni. Mnapoteza dabo ya kuadhibu papo hapo, lakini mwenye shupaza nzuri anaweza kupasi na kumngoja mfunguaji apige dabo mwenyewe.

Blackwood, iliyobuniwa na Easley Blackwood wa Indianapolis mwaka 1933, ndiyo inayonunuliwa mapema kuliko inavyostahili. 4 bila turufu huuliza idadi ya ree, na jibu hupanda hatua moja kwa kila ree. Slemu ndogo hudai kama pointi 33 kati ya 40, kwa hiyo jioni nyingi hamtaihitaji. Tena inatoa idadi bila kutaja ree ipi. Ukiwa na uru mbili hafifu, jibu la ree moja halikwambii kama wapinzani watakula mizunguko miwili ya uru kabla hujashika karata. Na aina yenu ikiwa pau, jibu la 5 uru limekwisha kuwapitisha 5 pau. Toleo la kisasa, linalomhesabu mfalme wa turufu kama ree ya tano, ni sahihi zaidi, ila mwandishi wa briji Eddie Kantar aliandika kitabu kizima juu yake. Anzeni na ile ya kale.

Madau 2 ya aina kubwa kuwa dhaifu, pointi 6 hadi 10 na karata sita, ni biashara nzuri: mikono ya pointi 22 na zaidi haifiki hata mmoja katika 200, na yote inaweza kukaa ndani ya 2 pau. Multi, ambayo huweka mikono hiyo dhaifu ya kopa na shupaza ndani ya 2 uru, iacheni. Inawachanganya wapinzani na mwenzako kwa pamoja, na mashindano mengi yanaiwekea mipaka.

Kuhusu fedha: muhtasari wa Standard American unatolewa bure na chama cha briji cha Amerika Kaskazini, na chama cha Uingereza kinatoa bure wa Acol. Katika tovuti ya Bridge Base Online mnaweza kufungua meza na kufanya mazoezi bila malipo. Angalizo moja: roboti za humo hucheza mbili juu ya moja, hivyo wanaojifunza Acol kwa kucheza nazo watazoea mambo ambayo mwenzi wao hakuyakubali.

Na wajibu. Sheria za briji hazitambui mapatano ya siri. Mezani, mwenzako ndiye anayewatahadharisha wapinzani kwa dau lako na kulieleza wakiuliza. Mtandaoni, kwa kawaida unalieleza mwenyewe. Ukisahau mfumo na kutaja dau lisilo sahihi, maelezo ya mwenzako yakiwa ya kweli, wapinzani hawana madai. Mwenzako akieleza vibaya mapatano yenu, msimamizi anaweza kurekebisha matokeo, nawe huruhusiwi kutumia ulichokisikia kujinasua. Kila konvensheni mnayoijua nusunusu ni deni kwa watu wawili wengine waliokaa mezani kwa haki.

Kabla hamjaongeza chochote, kila mmoja achukue karatasi yake na ajibu bila kuchungulia. Nimefungua 1 bila turufu, mpinzani kasema 2 uru: 2 kopa yako bado ni ya kuhamisha? Umesema 2 pau ya Stayman, mpinzani kapiga dabo: pasi yangu ina maana gani? Dabo hasi zetu zinaishia ngazi ipi? Kisha linganisheni majibu, na palipotofautiana andikeni jibu moja kwenye kadi ya mapatano kabla ya mchezo unaofuata.