Tuwafunze wanafunzi kuunda, si kubofya tu

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hii hutungiwa insha shuleni muhula baada ya muhula, na wanaoieleza vyema hupewa alama za juu. Ajabu ni kwamba katika shule hizo hizo, mwanafunzi hufunzwa tarakilishi kwa kuichora daftarini. Huambiwa ataje vifaa vitatu vya kuingizia data na vitatu vya kutolea. Huvitaja vyote bila kukosea, kisha hutoka darasani akiwa hajui kuunganisha betri na balbu ikawaka. Nta anayo tele. Asali hajaionja.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba somo la tarakilishi ni ufundi kabla ya kuwa nadharia. Mwanafunzi anahitaji kupewa vitu viwili kwa pamoja: kitu cha kuunda kwa mikono yake, na lugha ya kukieleza. Akinyimwa cha kwanza, atakariri. Akinyimwa cha pili, ataiga bila kuelewa.

Tuanze na historia, maana tumewahi kupita njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, shabaha yake ilikuwa kumpa kijana stadi za kujitegemea. Sanaa na Ufundi, Kilimo na Sayansi Kimu yaliingizwa katika shule za msingi. Wazazi walihimizwa kujenga karakana, na wengi walijitahidi kadiri ya uwezo wao. Hata hivyo, mambo mawili yaliuvunja mpango huo. Kwanza, shule nyingi hazikuwa na zana. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, stadi za mkono zilipimwa kwa maswali ya kuchagua jibu sahihi. Mtoto aliweza kufuzu katika ufundi bila kushika randa wala msumeno. Mtaala ulipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2002, mengi ya masomo hayo yalipunguzwa, na wachache waliyalilia.

Leo tumerudi katika njia panda ile ile. Mnamo 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya kufunza uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na tangu marekebisho ya 2024, masuala ya tarakilishi katika shule za sekondari msingi yamewekwa ndani ya somo la stadi za awali za kiufundi. Yaani wataalamu wa mitaala wenyewe wamekiri kwamba makao ya tarakilishi ni karakana. Swali ni je, karakana iko wapi? Katika baadhi ya shule nilizozuru, vishikwambi vilikuwa vimefungiwa kabatini kwa hofu ya kuibwa au kuharibika. Kwingine vilitumika kutazama picha. Hakuna mahali nilipomkuta mtoto aliyeruhusiwa kufungua kifaa, hata kibovu, ili aone kilichomo ndani.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni letu pekee. Nchini Uingereza, vijana wengi wa miaka ya themanini walijifunza kuandika programu katika tarakilishi sahili za nyumbani na shuleni. Kizazi kilichofuata kilipata mitambo ya michezo iliyotaka kubofywa tu. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakaona waombaji wa somo la sayansi ya tarakilishi wakipungua, na wale waliokuja wakiwa na ujuzi hafifu. Ndipo Eben Upton na wenzake wakabuni Raspberry Pi, tarakilishi ndogo ya kibao kimoja isiyo na kasha, iliyotolewa mwaka wa 2012 na kuuzwa dola 35 au chini yake. Ilikusudiwa ishikwe, iunganishwe na kuchokorwa. Ikiwa nchi iliyotangulia iliona watoto wake wakigeuka kuwa watumiaji tu, sisi ambao watoto wetu wamekutana na simu ya mkononi kabla ya tarakilishi tuna sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Mtu atasema kwamba vifaa hivyo ni ghali. Basi na tuanze na visivyo ghali. Somo la kwanza la usanifu wa tarakilishi lahitaji betri mbili za tochi, balbu ndogo, nyaya, kipande cha kadibodi, na vibanio viwili vya karatasi vya kutengenezea swichi. Mwalimu akiwaelekeza wanafunzi wazipange swichi hizo mbili kwa mfuatano katika waya mmoja, balbu itawaka tu ikiwa swichi ya kwanza NA ya pili zimefungwa. Wakizipanga sambamba, kila moja katika njia yake, balbu itawaka ikiwa ya kwanza AU ya pili imefungwa. Huo si mchezo wa kitoto. Mwaka wa 1937, mwanafunzi wa Chuo cha MIT nchini Marekani, Claude Shannon, alionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kwamba kwa kuunganisha swichi namna hii, mantiki iliyoasisiwa na mwanahisabati George Boole yaweza kutekelezwa kwa umeme. Tarakilishi ya kisasa ni swichi kama hizo, ndogo mno na kwa mabilioni, ziitwazo transista.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata neno la kusema. Mwalimu akiamuru, "Funga swichi," wanafunzi wengi watadhani wameambiwa wazime. Nyumbani wengi wetu husema "fungua taa" tukitaka iwake. Katika sakiti ni kinyume: njia ikifungwa, umeme hupita, ikifunguliwa, hukatika. Vivyo hivyo, ukimuuliza mgeni kama atakunywa chai au kahawa, hutarajii ajibu kwamba atakunywa zote mbili. Lakini AU ya sakiti yakubali moja wapo, na yakubali zote. Mwanafunzi asiyeelezwa tofauti hizi ataonekana mzito wa kuelewa umeme, ilhali kilichomtatiza ni lugha.

Wala Kiswahili si maskini katika uwanja huu, kama wanavyodai wanaokibeza. Kauli ya kutendua peke yake ni sanduku la zana: chomeka na chomoa, funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, pakia na pakua. Kiambishi cha masharti nacho ndicho msingi wa kila programu. "Joto likizidi nyuzi 30, feni ianze kuzunguka" ni sentensi sahihi ya Kiswahili, na ni amri iliyo tayari kuandikwa katika lugha ya mashine. Kwa miaka mingi mijadala ya istilahi imeelemea nomino: wengine wakatetea tarakilishi, wengine kompyuta, wengine ngamizi. Tumegombea majina, tukavisahau vitenzi. Karakana haiendeshwi kwa majina.

Nazisikia pingamizi. Walimu hawajafunzwa, wataniambia. Ni kweli, na ni haki yao kudai mafunzo kabla ya kulaumiwa. Hata hivyo, fundi wa redio aliyepo katika kila soko anajua kupima betri na kutia lehemu. Shule ikimwalika kwa saa moja kila wiki, chini ya uangalizi wa mwalimu, haitakuwa imejidhalilisha. Wengine watataja hatari, nao wana haki. Umeme wa volti 240 wa ukutani usitumiwe kamwe katika majaribio ya watoto, betri zatosha. Kisanduku cha umeme cha tarakilishi kuukuu kisifunguliwe, kwa kuwa vipuri vyake vyaweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Lakini kipanya kikuukuu chaweza kufunguliwa bila madhara, na mtoto akauona ndani yake ubunifu wa kustaajabisha.

Pingamizi jipya zaidi ni kwamba akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, sasa yaweza kuandika programu yenyewe. Kuna haja gani ya kumsumbua mtoto? Nami nauliza: atakayeikosoa inapokosea ni nani, ikiwa hakuna ajuaye kinachotendeka ndani ya mashine? Asiyejua kushona hawezi kumkosoa fundi cherehani. Huvaa tu alichopewa.

Lililo zito kuliko yote ni mtihani, maana ndio uliokiua kizazi cha kwanza cha stadi. Hata mradi ulioandikwa vizuri waweza kununuliwa. Dawa ninayoipendekeza ni sahili: mwanafunzi asimame mbele ya kitu alichokiunda, akieleze kwa maneno yake kwa dakika tano, kisha mwalimu achomoe waya mmoja na kumtaka atafute kasoro. Aliyekiunda ataipata. Aliyekinunua atababaika.

Walimu wenzangu, tusingoje maabara ya kifahari. Tengeni meza moja katika pembe ya darasa, kusanyeni betri, nyaya na vifaa vibovu, na muwaruhusu watoto wafungue. Nanyi wanafunzi, mkikutana na mashine, msitosheke na kuuliza inafanya nini. Ulizeni inafanyaje, na msipumzike hadi muweze kumweleza ndugu yenu mdogo naye akaelewa. Wakuu wa elimu nao wahakikishe kwamba somo la stadi linapimwa kwa stadi. Wasipofanya hivyo, watoto wetu watazidi kuieleza vyema methali ya nta na asali katika insha, na kuendelea kutafuna nta.